Swali la Kumi na Tisa

Kizibo cha chupa ya chai kililia kidogo, kikanyamaza. Bibiana aliusikia mlio huo akiwa bado kitandani, jogoo wa jirani hajawika, akajua mumewe amemtangulia kuamka. Boniface alistaafu kazi ya reli miaka sita iliyopita, lakini saa kumi ya alfajiri ilikuwa haijastaafu mwilini mwake. Mkewe akiwa na safari, alimchemshia chai ya tangawizi, akaimimina polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Kizibo tu ndicho kilichomsema.

“Leo wapi?” aliuliza Bibiana kwa utani alipotoka na kitambaa kichwani.

“Ningekuuliza wewe.”

“Masanze, kisha Mikumi.”

“Kwa ajili ya yule tembo.”

“Tembo hana kesi. Naenda kwa ajili ya mti ulio ndani ya simu.”

Boniface alimtazama, akatikisa kichwa, akamkabidhi chupa. “Basi kunywa chai yako mapema. Mti wa namna hiyo sidhani kama una kivuli.”

Sajenti Bibiana Mkude wa upelelezi, kituo cha Kilosa, alikuwa na jalada jembamba lenye jambo zito. Jumatano ya wiki hiyo, saa mbili usiku, tembo dume alivunja ukuta wa nyumba ya mzee Abubakari Kibwana kule Masanze. Ukuta ulimwangukia mzee mguuni, mfupa ukavunjika mara mbili. Kijiji kilikuwa na walinzi wa tembo, na walinzi walikuwa na simu ya mradi wa utafiti iliyowaambia kila jioni nyumba ipi ilindwe. Jioni ile simu ilisema nyumba ya mzee ni salama. Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji, Wenceslaus, alifika kituoni na watu saba na jina moja: Lupakisyo Mwaipopo, mlinzi aliyeishika simu hiyo. Walisema aliidanganya kwa makusudi, kwa sababu mzee alimnyima binti yake. Kijana akawekwa ndani, na dhamana ikazuiwa kwa usalama wake mwenyewe, maana kijiji kilikuwa kimechemka. Jumatatu angepelekwa mahakamani. Leo ilikuwa Jumamosi.

Kabla ya kuwasha pikipiki ya kituo, Bibiana aliagiza Lupakisyo aletwe kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, mjukuu wa fundi wa reli aliyekuja kutoka Tukuyu akazeekea huku.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

Kijana akatabasamu chini. “Sijala.”

Bibiana akamsogezea kikombe na andazi, akangoja mpaka alipofika nusu. “Haya. Nieleze hiyo simu kama unavyomweleza bibi yako.”

“Kila jioni, jua likikaribia kuzama, napitia nyumba. Simu inauliza swali, nabonyeza ndiyo au hapana. Kila jibu ni njia panda, linakupeleka kwenye swali jingine. Watafiti wanauita mti, kwa kuwa unapanda tawi hili ama lile mpaka ufike mwisho. Mwisho wake ni neno moja, HATARI au SALAMA. Penye hatari tunakwenda kukesha, na madebe yetu na tochi. Penye salama hatuendi. Tuko sita tu, afande. Hatutoshi kwenda kote.”

“Kwa mzee Abubakari simu iliuliza nini?”

“Iliuliza kama mahindi bado yako shambani. Nikabonyeza hapana. Amevuna tangu Julai, kila mtu anajua. Ikasema SALAMA.”

“Swali moja tu?”

“Moja tu. Ukisema hapana pale, haina swali lingine.”

Bibiana aliandika, kisha akaweka kalamu. “Na Imani, binti wa mzee?”

Lupakisyo aliliweka andazi mezani. “Mzee aliniita akaniambia dini zetu mbili, mwanangu, nyumba itakuwa nzito. Alinikatalia kwa heshima, akanipa na jogoo wa kurudi naye kwetu. Sasa Imani ameolewa Kimamba, ana mtoto. Siku ya harusi yake nilichota maji, madumu tisa, kwa baiskeli. Mtu mwenye kinyongo hachoti maji.”

“Anachota, kama ana akili,” alisema Bibiana, kwa upole lakini bila kumtazama. “Nitayaulizia hayo madumu. Tembo alipokuja mlifanya nini?”

“Tulisikia kelele, tukakimbia. Tukapiga madebe, akaondoka. Tukamtoa mzee, tukampeleka barabarani.”



Simu ilikuwa kwenye chumba cha vielelezo, ndani ya bahasha. Bibiana alisaini daftari la kuitoa, akaichaji kwa dakika ishirini, akafungua kumbukumbu zake. Jumatano, saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni, nyumba ya Abubakari Kibwana: mahindi bado yako shambani? Hapana. SALAMA. Kijana alisema kweli kuhusu alichobonyeza, na alichobonyeza kilikuwa kweli.

Lakini ndani ya mkoba wa simu mlikuwa na karatasi zilizobanwa pini, dodoso la mradi lililotumika mwaka uliopita. Bibiana alihesabu maswali kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa ishirini na sita. Akarudi kwenye simu, akapita kila tawi. Maswali yalikuwa matatu.

Maswali ishirini na matatu hayapotei kama sindano kwenye mkeka. Mtu ameyatoa. Alichukua dodoso, akafunga bahasha ya simu, akaisaini tena, akaondoka.

*

Nyumba ya mzee Abubakari ilikuwa ya tofali za kuchoma, yenye vyumba vinne, imezungukwa na shamba lililobaki mabua. Bibiana hakwenda kwanza kwenye ukuta. Alianzia mbali, upande wa mto, akazitafuta nyayo. Ardhi ilikuwa kavu, lakini tembo si mbuzi. Siku tatu hazimfuti. Nyayo zilitoka kwenye matete, zikakata katikati ya mabua bila kusimama. Zikapita kando ya migomba sita yenye ndizi mbichi. Hapakuwa na hata jani lililoguswa. Zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha kona, upande wa kushoto.

Kwenye mianya ya sakafu ya chumba kile, palipofagiwa vizuri sana, punje za mahindi zilikuwa bado zimelala. Bibiana alizitoa kumi na mbili kwa kucha, akazitia kwenye bahasha.

“Afande!” Mwenyekiti Wenceslaus alikuwa anakuja na baiskeli, ameivaa kofia yake ya mikutano. “Tembo ameshatoa maelezo yake?”

“Anayatoa polepole. Wewe yako niliyasoma. Umesema Lupakisyo alibonyeza uongo.”

“Simu haina ugomvi na mtu. Mtu ndiye mwenye ugomvi.”

“Ulimwona akibonyeza?”

“Kumwona, sikumwona.”

“Ulisikia akisema?”

“Sikusikia.”

“Sasa?”

“Nimejua tu, afande. Kijiji kizima kimejua.”

“Basi nitaandika hivyo,” Bibiana akasema, akaandika kweli, neno kwa neno, huku akitamka: “Nime-jua-tu.” Wanawake wawili waliokuwa kisimani wakacheka. Mwenyekiti akatazama mnyororo wa baiskeli yake kana kwamba una tatizo.

Mama Imani, mke wa mzee, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na macho yake yalionyesha hajalala vizuri tangu Jumatano.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Karibu ukae.”

Waliketi kwenye mkeka. Bibiana aliuliza juu ya harusi.

“Madumu tisa?” Mama Imani alishangaa. “Yalikuwa kumi. La kumi lilimpasukia pale mteremkoni akarudi tena mtoni na jingine. Mimi nilimwambia mzee, ona mtoto wa watu. Mzee akasema nimemwona.”

“Kwa nini basi watu wanasema ana kinyongo?”

“Mwanangu, watu wanahitaji mtu. Tembo hasemeki.”

“Chumba kile cha kona mliweka nini?”

“Vitu vya nyumbani tu.” Mama Imani aliinuka haraka. “Usiondoke kwanza. Hatuna kitu, lakini hivyo hivyo tu, ukae kidogo.”

Hivyo hivyo tu ilikuwa sinia ya ugali mweupe, kuku mzima wa mchuzi, mchicha wenye karanga, na bakuli la mtindi. Bibiana alinawa, akala, akashukuru. Mwenyekiti Wenceslaus naye aliitwa, akaketi, akala paja. Mgeni alipoaga, mama huyo alimfungia kunde kwenye kitambaa, akaomba radhi mara mbili kwamba ni kidogo.

*

Ofisi ya mradi kule Mikumi ilikuwa nyumba ya kupanga yenye sebule iliyojaa meza. Daktari Anastazia Chuwa, aliyekuwa na udaktari wa kompyuta na si wa sindano, alimpokea Bibiana kwa miguu pekupeku. Alikuwa na miaka thelathini na tano hivi, na sauti yake ilikuwa imechoka.

“Shikamoo, mama. Kila siku napiga simu hospitali kumuulizia mzee. Wananiambia anaendelea vizuri. Sijui kama wananiambia ukweli.”

“Anaendelea. Nitamwona kesho.” Bibiana aliweka dodoso mezani. “Hapa kuna maswali ishirini na sita. Kwenye simu kuna matatu. Nani ameyatoa ishirini na matatu, na lini?”

“Machi, tarehe kumi na nne.”

“Nioneshe.”

Anastazia aligeuza kompyuta. Kila badiliko la mti lilikuwa limeandikwa na siku yake na saa yake, na nakala yake ilikuwa chuoni, mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuigusa. Bibiana alitaka kuiona hiyo nakala pia. Walingoja mtandao kwa robo saa. Nakala ilisema Machi, tarehe kumi na nne. Aliyetoa maswali hakuwa anaficha ajali ya Jumatano; ajali ilikuwa haijatokea.

“Sasa nieleze kwa nini.”

Msomi alichukua karatasi, akachora shina, akachora matawi. “Mwaka jana, mwezi wa nane, tuliuliza nyumba mia tatu na kumi na mbili. Tukajua pia tembo walikuja wapi. Kompyuta ikatafuta maswali yanayotenganisha nyumba zilizovamiwa na zisizovamiwa. Ikaotesha mti mkubwa sana, wenye matawi hata ya nyumba mojamoja. Mti wa namna hiyo, mama, ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu. Nyumba alizozisoma anazijua zote. Mpe nyumba mpya, anababaika. Na mlinzi hawezi kuuliza maswali ishirini na sita kwa nyumba arobaini kabla ya giza.”

“Kwa hiyo mkapogoa.”

“Tukapogoa. Lakini si kwa kubahatisha. Tuliweka nyumba hamsini kando, ambazo mti haujawahi kuziona. Unakata tawi, unaupima mti kwa zile hamsini. Kama makosa hayaongezeki, tawi lile lilikuwa pambo, unaliacha chini. Yakiongezeka, unalirudisha. Kompyuta inafanya hivyo tawi kwa tawi. Mimi sikuchagua likatwe lipi.”

“Chini ya jibu la ‘mahindi hayapo shambani’, palikuwa na tawi?”

Anastazia alitafuta. “Palikuwa na moja dogo. Swali la kumi na tisa. ‘Je, ndani ya nyumba kuna mahindi ya akiba?’”

“Soma majibu.”

“Ndiyo, watatu. Hapana, mia tatu na tisa.”

Bibiana aliacha kuandika. “Rudia.”

“Watatu walisema ndiyo. Wawili kati yao walivunjiwa nyumba na tembo, ndiyo maana mti ulitaka kuliweka tawi. Lakini nyumba tatu kati ya mia tatu ni chache mno. Kati ya zile hamsini hapakuwa na hata moja ya kulipima. Kompyuta ikaona ni bahati tu. Ikakata.”

“Nyumba zilizovunjwa baada ya mavuno zilikuwa ngapi kwa jumla?”

“Kumi na moja.”

“Na zile tisa nyingine zilikuwa na nini ndani?”

“Walisema hapana. Hawakuwa na kitu.”

“Tembo akavunja nyumba tisa zisizo na kitu,” alisema Bibiana. Akatoa bahasha, akamwaga punje kumi na mbili juu ya karatasi yenye mti. “Hizi zimetoka chumba cha kona cha mzee Abubakari. Tembo alipita migomba sita bila kuonja ndizi. Alijua anakokwenda. Mwezi wa nane, daktari. Masanze imetoka kuvuna. Watu mia tatu na tisa hawana hata debe la mahindi, na hakuna njaa iliyotangazwa? Nani aliuliza maswali haya?”

“Mwalimu Ditram. Anafundisha hapa Mikumi, alitusaidia wakati wa likizo. Ni mwaminifu sana, mama. Hakuruka nyumba hata moja.”

“Mwite.”

Mwalimu Ditram alifika baada ya nusu saa, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Aliamkia, akaketi ukingoni mwa kiti. Bibiana alimsomea swali la kumi na tisa.

“Uliliuliza?”

“Neno kwa neno, kama lilivyoandikwa.”

“Mzee Abubakari alijibu nini?”

“Alisema, ‘Hatuna kitu, mwalimu, tunahangaika tu.’ Nikaandika hapana.”

“Ulilala wapi ulipokuwa Masanze?”

“Kwa mzee Abubakari huyo huyo. Siku tatu. Walinitunza mno.”

“Chumba gani?”

“Cha kona.”

“Ndani mlikuwa na nini?”

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Kitanda.”

“Na?”

“Magunia ya mahindi. Niliweka koti langu juu yake.”

Anastazia alifunika mdomo kwa kiganja.

“Mwalimu,” Bibiana aliuliza taratibu, “ulilala na magunia, ukaandika hapana?”

“Afande, jibu ni la mwenye nyumba, si langu! Mzee wa miaka sabini ananiambia hana kitu. Niandike ndiyo, maana yake nimemwita mwongo, tena nyumbani kwake, nikiwa nimeshiba kuku wake. Na mtu yeyote mwenye malezi angejibu vile. Utaanzaje kumwambia mgeni, ‘Ninayo magunia kumi na manne’? Ni kujigamba. Ni kujitafutia macho ya watu.”

“Na wale watatu waliosema ndiyo?”

“Ah, wale.” Mwalimu aliona aibu kidogo. “Wale walikuwa wameyaweka barazani. Nilikuwa nimekalia magunia yenyewe. Angesemaje hana?”

Bibiana alicheka, akashindwa kujizuia. Alikumbuka sinia ya mchana ule, na sauti ndogo ya Mama Imani ikisema hatuna kitu, na kunde zilizokuwa zikimngoja kwenye mkoba wa pikipiki. Mia tatu na tisa walikuwa wamejibu kwa adabu. Mwalimu aliandika kwa adabu. Kompyuta, ambayo haikulelewa na mtu, ilisadiki.

Anastazia hakucheka. “Mama, leo ni Jumamosi. Jioni hii simu tuliyowapa walinzi badala ya ile itasema SALAMA kwa kila aliyevuna. Wote wamevuna.”

“Ndilo nililotaka ulione mwenyewe.”

“Nitabadilisha sasa hivi. Kila nyumba HATARI.” Akasimama, akaketi tena. “Lakini walinzi ni watano, na nyumba za upande ule ni arobaini. Wakiambiwa kote ni hatari, ni sawa na kutoambiwa. Na tukiuliza upya kuhusu akiba, watajibu vile vile.”

Mwalimu Ditram alikuwa wa kwanza kusema. “Labda tuingie ndani tuangalie.”

“Ukaangalie chumbani kwa watu?” Bibiana alimwuliza. “Utatoka na debe kichwani.” Alifikiri, akinywa chai iliyobaki kwenye chupa yake. “Usimwulize mtu alichonacho. Mwulize kinachomsumbua. Hakuna anayeona haya kulalamika. Mwulize kama panya wanamsumbua.”

“Panya?”

“Panya hawakai penye vikombe vitupu. Mwenye magunia ndani atakueleza habari za panya mpaka uombe ruhusa ya kuondoka.”

Anastazia aliuangalia mti wake, kisha akachukua kalamu. Chini ya njia ya ‘hapana’, pale palipokuwa na neno SALAMA, alichora tawi jipya, akaandika: Je, panya wanawasumbua? Saa tisa na nusu yeye na Mwalimu Ditram walikuwa njiani kwenda Masanze, na Bibiana alikuwa ameshika karatasi nne: nakala ya mti wa kwanza, nakala ya mti uliopogolewa, orodha ya majibu ya swali la kumi na tisa, na maelezo ya mwalimu yenye sahihi.

*

Jumapili asubuhi ulimfikia ujumbe. Kati ya nyumba arobaini, thelathini na moja zililalamikia panya, na kumi na mbili kati yake ziko njia ya mto. Walinzi walikaa huko. Tembo wawili walifika kwenye matete, wakasikia madebe, wakageuka.

Lakini ujumbe si ushahidi. Bibiana alimjua mwendesha mashtaka. Angesema msomi anatetea mashine yake na mwalimu anatetea kalamu yake. Punje kumi na mbili zilithibitisha kwamba mahindi yalikuwemo mwaka huu. Mtu mmoja tu angeweza kuthibitisha kwamba yalikuwemo pia siku mwalimu alipouliza, na kwamba alisema hayamo.

Mzee Abubakari alikuwa kitanda cha tatu, wodi ya wanaume, hospitali ya Kilosa, mguu umeinuliwa kwenye plasta. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa akimshikia kikombe cha uji anywe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na mkono mmoja tu mzima.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapo mguuni, huo mguu hauna habari na mtu.”

Bibiana alijitambulisha. Alieleza habari za simu, mti na maswali, kwa maneno mafupi. Kisha akauliza: “Mwaka jana Mwalimu Ditram alikuuliza kama una mahindi ndani. Ulimjibu nini?”

“Nilimjibu kama watu wanavyojibu.”

“Ulikuwa nayo?”

Mzee aligeuza uso dirishani. “Mwanangu, umekuja kuniuliza kama mimi ni mwongo?”

“Hapana, baba. Nimekuja kuuliza idadi ya magunia.”

“Ni kitu kile kile. Hakimu atasoma mbele ya watu kwamba Abubakari Kibwana alisema hana naye anayo. Wajukuu zangu watasikia. Acha mambo hayo. Ukuta umeanguka, mguu utapona, yamekwisha.”

“Hayajaisha kwa Lupakisyo.”

“Lupakisyo yupi? Mwaipopo?” Uso wake ukarudi kutoka dirishani. “Huyo usinitajie. Nimemkasirikia.”

Bibiana aliishusha kalamu. “Kwa sababu ya simu?”

“Simu gani! Kwa sababu ya adabu. Tangu Jumatano niko hapa. Masanze yote imekuja, hata Wenceslaus kaja na machungwa. Yeye hakuja. Mtu aliyenibeba mgongoni usiku ule mpaka barabarani, mwendo wote ule!”

“Una hakika ni yeye? Kulikuwa giza.”

“Alikuwa anamwomba Mungu kwa Kinyakyusa njia nzima. Nani mwingine Masanze anaomba kwa Kinyakyusa? Kila nilipolia alisema, ‘Baba, bado kidogo, bado kidogo.’ Haikuwa kidogo. Halafu mtu huyo anashindwa kuja kunijulia hali?”

“Baba, hakuja kwa sababu yuko mahabusu. Tangu Alhamisi.”

Mzee alimtazama kama hakuelewa. “Kafanya nini?”

“Wanasema alikudhuru kwa makusudi, kwa ajili ya Imani. Kesho anapelekwa mahakamani.”

Jirani wa kitanda cha pili aliacha kukoroga uji. Mkono wa mzee Abubakari ulikuwa unaikunja ncha ya shuka na kuikunjua.

“Na Wenceslaus kakaa hapo ulipokaa,” akasema mwishowe, “kamenya machungwa, hakuniambia.”

“Labda hakutaka kukusumbua.”

“Adabu hizi zitatuua.” Akajiinua kwa viwiko. Bibiana akamwekea mto. “Andika. Mimi, Abubakari Kibwana, mwaka jana mwezi wa nane niliulizwa na Mwalimu Ditram kama nina mahindi ndani ya nyumba. Nikasema hatuna kitu. Nilikuwa na magunia kumi na manne. Mwaka huu kumi na moja, chumba kile kile. Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Andika aliyenibeba. Andika na maneno yale, bado kidogo.”

Aliandika. Akamsomea yote tangu mwanzo, polepole. Mzee akasahihisha mahali pamoja: alisema mwalimu aandikwe kuwa alikuwa mgeni mwema, asije akafukuzwa kazi. Kisha akachukua kalamu akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu. Mgonjwa wa jirani akasaini kuwa shahidi, kwa mkono wa kushoto.

Bibiana alizipanga karatasi kwenye jalada. Mkuu wa upelelezi alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika tano. Kwa maelezo haya, hapakuwa na sababu ya kungoja Jumatatu. Alimwambia mzee hivyo, akasimama.

“Atatoka leo?”

“Jioni, nadhani.”

“Saa za kuona wagonjwa mwisho ni saa kumi na mbili. Mwambie asijicheleweshe kwenda kuoga wala kubadilisha shati.” Mzee alilaza kichwa, akafumba macho, akayafumbua tena alipomwona anaelekea mlangoni. “Na wewe, mwanangu, njoo naye. Ila hilo daftari ulibakize kituoni. Uje tena ukae, tuongee mambo yasiyoandikwa.”